Shabiki akifariki: maswali yenu kuhusu wasifu, bendera, watani na sanduku la kaseti

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwenye nyumba zenye msiba, au zilizomaliza arobaini juzijuzi. Karibu zote zinamhusu mzee au mama aliyekuwa na timu moja tangu ujana hadi siku ya mwisho. Tumechagua tano. Kwa wote walioandika, poleni sana.

Shikamooni. Baba yetu alikuwa Yanga tangu kijana. Mimi mtoto wa kwanza nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake. Alizaliwa 1955. Ndugu wanasema alikuwepo Uwanja wa Taifa "siku ya tano" dhidi ya Simba, lakini kila mmoja anataja mwaka wake. Nifanyeje nisije nikasoma uongo mbele ya watu? (Msomaji, Manzese)

Marahaba, na pole sana. Hiyo "siku ya tano" ndiyo inayovuruga wasifu mwingi hapa mjini, kwa sababu tano zimepigwa zaidi ya mara moja. Yanga ilishinda 5-0 mwaka 1968. Simba ikashinda 5-0 Mei 2012. Yanga ikashinda tena 5-1 Novemba 2023. Katikati kuna ile 6-0 ya Simba, Julai 1977, ambayo mzee wa Yanga huwa hasimulii mwenyewe ila hasahau. Kwa hiyo mtu wa Yanga akisema tano kwa furaha, ni 1968 au 2023.

Anzeni kwa kutoa hesabu ya umri. Baba alikuwa na miaka 13 hivi mwaka 1968. Kwenda uwanjani kunawezekana, lakini mtoto wa umri huo alipelekwa na mtu: kaka, baba mdogo, jirani. Mtafuteni huyo, au mtoto wake. Kama hakuna anayejua nani alimpeleka, andikeni "alikuwa akisimulia ushindi wa 1968" na msiandike "alikuwepo". Sentensi hiyo ni ya kweli na haimpunguzii kitu.

Pili, majina. Mwaka 1968 hakukuwa na klabu inayoitwa Simba. Ilikuwa Sunderland, na jina la Simba lilikuja 1971. Ukienda kwenye magazeti ya wakati ule ukatafuta "Simba" utarudi mikono mitupu. Uwanja nao una mtego. Mzee akisema "Taifa" kwa mechi ya kabla ya 2007, anamaanisha ule ambao leo ni Uwanja wa Uhuru, Shamba la Bibi. Kuanzia 2007, Taifa ni ule mpya wa watu 60,000, na tangu 2020 unaitwa Benjamin Mkapa. Ukiandika "Uwanja wa Mkapa, mwaka 1985", wazee waliokaa mbele watatikisa kichwa na hawatasikiliza yatakayofuata. Ligi ya taifa nayo ilianza 1965, hivyo simulizi yoyote ya "ubingwa wa ligi" kabla ya hapo ni ya mashindano mengine.

Gazeti ndilo litakalokata ubishi. Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ina magazeti ya zamani, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya Afrika Mashariki. Nenda na mwezi na mwaka angalau, la sivyo utakesha ukifunua kurasa. Omba toleo la siku iliyofuata mechi, maana matokeo ya Jumapili yako kwenye gazeti la Jumatatu. Kama maziko ni kesho, hakuna muda huo. Soma lile ulilo na hakika nalo, na utafiti ufanyike kabla ya arobaini.

Jambo kubwa zaidi: wenzake wa rika wote sasa wako chini ya turubai lenu. Baada ya siku tatu watatawanyika Mbagala, Gongo la Mboto, Bagamoyo, na kuwakusanya tena itakuwa shida. Mpe kijana mmoja simu yenye chaji, awarekodi mmoja mmoja, dakika kumi kila mtu, mbali na spika. Waulize mambo yanayoshikika: alikuwa tawi gani na alijiunga mwaka gani? Alikaa jukwaa gani? Alitoka nyumbani na nani, kwa basi au kwa miguu? Redio ya mechi ilikuwa kwa nani? Siku Yanga ikifungwa alikuwa anafanya nini? Wakati wa mgogoro wa Yanga wa miaka ya 1970 uliozaa klabu ya Pan African, alibaki au aliondoka? Swali hilo la mwisho huwaamsha wazee kuliko yote. Ukiuliza tu "alikuwa mtu wa namna gani" utaambiwa alikuwa mcheshi na alipenda watu, maneno yanayosemwa kwenye kila msiba.

Wasifu wote usizidi dakika tano, na sehemu ya soka ichukue dakika moja na nusu, yaani maneno 150 hivi ukisoma taratibu. Usiorodheshe makombe ya Yanga. Hayo ni wasifu wa klabu. Chagua mechi moja, sehemu moja ya kukaa, tabia moja. Na ukitaja fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya 2023, iseme ilivyokuwa: Yanga ilifungwa 2-1 nyumbani na USM Alger tarehe 28 Mei, ikashinda 1-0 kwao tarehe 3 Juni, kombe likaenda Algeria kwa bao la ugenini. Kuna wazee waliokufa wakishikilia kwamba timu yao haikufungwa fainali ile kwa jumla ya mabao, na walikuwa sahihi.

Mjomba wangu alikuwa Simba damu. Aliusia azikwe na jezi nyekundu na jeneza lifunikwe bendera. Sisi ni Waislamu upande wa mama na Wakristo upande wa baba, na yeye alikuwa Mwislamu. Familia imegawanyika. (Msomaji, Tandika)

Pole, mpwa wa marehemu. Kwa Mwislamu hili halina mzunguko mrefu. Mwanamume hukafiniwa kwa sanda, shuka tatu nyeupe, na hakuna kingine kinachoingia naye kaburini. Wasia unaopingana na taratibu za dini hautekelezwi, na hapo hamjamkosea marehemu. Nendeni kwa sheikh kabla ya kuosha, si baada, maana ubishi wa jezi ukianza maiti imeshavikwa sanda huchelewesha maziko, na kuchelewesha ndiko kunakoumiza. Kuhusu kufunika jeneza wakati wa kulibeba, masheikh wengi watawaambia liachwe na kitambaa cha msikitini. Wafuateni. Jezi na bendera vipate nafasi siku ya hitma, kwenye kona ya picha zake, baada ya dua.

Kwa kuwa wengine wataisoma safu hii wakiwa na msiba wa Kikristo, vipimo ni hivi. Jeneza la mtu mzima ni kama sentimita 190 kwa 60, na kimo cha 40. Ili bendera ishuke mpaka chini pande zote mbili ndefu unahitaji upana wa 140, na urefu wa 250 ili ining'inie sentimita 30 kila mwisho. Nunueni Kariakoo mita mbili na nusu za kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu. Kwa rangi mbili, mita hizo zigawanywe na fundi aunge katikati. Msichukue satini. Inateleza, na wabebaji wakipanda ngazi bendera huanguka na kukanyagwa. Pamba nzito au kitambaa cha sare za shule hukaa. Ishikizeni kwa pini nne kwenye pindo za kitambaa cha jeneza, kamwe si kwa misumari midogo. Muulizeni padri au mchungaji mapema: makanisa mengi hutaka bendera iondolewe mlangoni na kurudishwa nje baada ya ibada. Teueni watu wawili wa kuikunja kabla jeneza halijashushwa, na mkubaliane nani anakwenda nayo nyumbani. Ugomvi wa bendera baada ya maziko tunausikia mara nyingi kuliko ugomvi wa kiwanja.

Kama mnamvika jezi, mvikeni mpya. Ile aliyoivaa miaka ishirini ibaki.

Fulana za msiba zenye picha yake? Kuzichapa vizuri kunahitaji siku kadhaa, na maziko hayasubiri. Zinazochapwa usiku kwa haraka huanza kubanduka picha zikifuliwa mara ya kwanza. Zipangeni kwa arobaini, kwa rangi za timu, jina lake na miaka yake. Nembo ni mali ya klabu. Msiiweke kwenye fulana mtakazouza, hata kama fedha ni za kujengea kaburi.

Watani wa baba mkubwa, watu wa Simba wa kijiwe chake, wanataka kuja na bendera yao na kuimba msibani. Mjane wake hataki, wajomba wanasema ndiyo mila. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Kigogo)

Wote, lakini mjane ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema hapana, watani wanakuja kimya, wanakaa, wanakula, wanaondoka.

Akikubali, ni vizuri wajue utani una kazi yake. Kwenye utani wa makabila, kama wa Wazaramo na Wanyamwezi, mtani alikuwa na ruhusa ya kumkejeli marehemu, hata kuzuia jeneza mpaka alipwe, kwa sababu alishika jembe, alichota maji, alikuwa anafanya zile kazi ambazo wafiwa hawakuziweza. Utani wa Simba na Yanga umejengwa juu ya desturi hiyo, na kipimo chake kibaki hicho: anayetania awe amefanya kazi. Kijana wa mtaa wa tatu aliyekuja na vuvuzela, ambaye hata jina la marehemu halijui, huyo si mtani, ni mtu wa fujo. Mwondoeni kwa upole.

Teueni mzee mmoja awasemee watani wote. Mpeni dakika tatu, baada ya chakula, si wakati wa ibada na si mwili ukiwa njiani. Atanie timu, mechi, ubishi wa kijiweni. Asiguse maradhi, madeni wala ndoa. Faini wanayodai iwe kreti ya soda, ijulikane mapema. Bendera yao ifungwe kwenye nguzo ya turubai upande wa nje. Na kabla hajaanza, mtu mmoja atangaze kwamba simu haziruhusiwi kumrekodi mjane. Utani uliosemwa vizuri ukikatwa sekunde kumi na kurushwa mitandaoni huonekana matusi.

Mama mkubwa ameacha sanduku la bati: jezi za miaka mingi, moja ina saini za wachezaji, magazeti yaliyokatwa, na kaseti alizorekodi mpira redioni enzi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam). Vinanuka ukungu. Watoto wanataka kuvigawana arobaini ikiisha. (Msomaji, Buguruni)

Msigawane bado. Sanduku la bati Buguruni, na joto letu na unyevu wa masika, ni mahali pabaya pa kutunza chochote. Lakini mali ikishatawanyika nyumba saba, ndani ya miaka michache hakuna anayejua kipo wapi. Kwanza andikeni orodha: kila kitu, hali yake, na nani alikuwepo kilipotolewa. Pigeni picha kila kipande.

Kaseti ndizo za kwanza kushughulikiwa, maana hizo zinakufa. Fungueni kila moja na kuutazama mkanda kwa kurunzi. Ukiona unga mweupe pembeni ya mkanda, huo ni ukungu. Msiicheze, mtachafua redio na kuambukiza kaseti nyingine. Itengeni kwenye mfuko wa karatasi mpaka mpate fundi wa kuisafisha. Zilizo safi, vunjeni vile vijino viwili vya plastiki vilivyo ukingo wa juu, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kabla ya kucheza, ipelekeni mbele mpaka mwisho na kuirudisha nyuma mara moja; mkanda uliokaa miaka thelathini bila kuzunguka hugandana na hukatika ukivutwa ghafla. Futeni kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti, mkisubiri kikauke. Halafu waya kutoka tundu la spika za masikioni kwenda kwenye kompyuta, sauti ya redio ikiwa robo tu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanafungua sauti sana, mngurumo wa uwanja unapasuka, na mtangazaji hasikiki tena. Rekodini tangu sekunde ya kwanza, kwa sababu mchezo wa kwanza wa mkanda mzee unaweza kuwa wa mwisho. Kaseti ya dakika 60 ina 30 kila upande. Hifadhini kwa muundo wa WAV, ambao dakika 60 huchukua kama megabaiti 600, kisha tengenezeni nakala ndogo ya kutumiana kwa simu. Nakala kubwa ziwe tatu, na moja isiwe nyumba hiyo.

Msikate sehemu ambazo hazina mpira. Mama mkubwa akikohoa, mtoto akiitwa nje, jirani akipiga kelele za bao: hizo ndizo mtakazozitafuta baadaye. Matokeo yapo kwenye magazeti.

Magazeti yenyewe yametengenezwa kwa karatasi dhaifu ya miti, mwanga na hewa huyafanya kahawia na kuvunjika. Msiyapeleke stesheneri kupigwa leminesheni. Joto la mashine na plastiki havitoki tena, na karatasi huendelea kuoza ndani. Selotepu nayo mwiko. Gundi yake huacha doa lisiloondoka. Toeni pini zote, hewa ya pwani huzitia kutu na kutu hula karatasi. Skanini kwa dpi 300 (nukta kwa inchi), au pigeni picha karibu na dirisha lisiloingiza jua la moja kwa moja, simu ikiwa sambamba na karatasi, bila fleshi. Nyuma ya nakala andikeni kwa penseli jina la gazeti na tarehe. Picha zilizogandia kwenye albamu ya gundi msizibandue. Zipigeni picha hapohapo.

Jezi zifuliwe kwa mkono, maji baridi, sabuni ya maji kidogo, zimegeuzwa ndani nje, zianikwe kivulini. Dawa ya kung'arisha hapana. Ile yenye saini isifuliwe kabisa: ipungeni upepo kivulini na ukungu mkauke uondolewe kwa brashi laini, nje ya nyumba, mkifunika pua. Msipige pasi juu ya namba. Msikunje jezi ikapita katikati ya namba, maana chapa hupasuka kwenye mkunjo huohuo au hujigandisha yenyewe kwa yenyewe kwa joto. Iviringisheni juu ya roli la kitambaa cha marekani kilichofuliwa kwanza kutoa wanga, kwa sababu wanga huita mende. Mfuko wa nailoni unafungia unyevu ndani, usitumike. Kusanyeni vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na mvibadilishe kila masika yakiisha. Dawa ya nondo iwekwe ndani ya kitambaa chake, isiguse chapa ya plastiki, maana huilainisha.

Mkitaka kutundika moja kwenye fremu, chagueni isiyo na saini. Mwanga hufuta wino wa kalamu ndani ya miaka michache.

Na simu yake? Laini isiyotumika hufungwa. Hamisheni ujumbe wa sauti alioutuma kwenye makundi ya timu sasa hivi, kabla hamjafika kwenye sanduku. Kadi ya uanachama itunzeni. Uanachama haurithiwi, lakini tawi lijulishwe ili jina lake liondolewe kwa heshima na si kwa kosa la ada.

Tawi letu linataka dakika moja ya kimya kwa ajili ya mwanachama mwenzetu kwenye mechi ya ligi, na bonanza la kumbukumbu. Tuanzie wapi? (Msomaji, Mbagala)

Dakika ya kimya kwenye mechi ya ligi si uamuzi wa tawi wala wa klabu peke yake. Ni wa wasimamizi wa mashindano, na kwa mwanachama wa kawaida msiitegemee. Peleka jina klabuni kwa barua ya mwenyekiti wa tawi, kisha fanyeni yenu kwenye bonanza. Hapo pia hufanyika vibaya mara nyingi kwa sababu moja: mshereheshaji anaendelea kuongea. Timu zisimame kuzunguka duara la kati, mshereheshaji ataje jina, mtaa na tawi la marehemu, muziki uzimwe kwenye swichi na si kupunguzwa. Refa apulize filimbi, atazame saa sekunde 60 kamili, apulize tena.

Bonanza liwe timu nne: tawi lenu, tawi la watani, maveterani wa mtaa, na vijana. Nusu fainali mbili, mshindi wa tatu, fainali. Kila mechi dakika 15 mara mbili, mapumziko matano, na dakika kumi za kubadilishana: jumla dakika 45. Mkianza saa 1:30 asubuhi mtamaliza saa 4:30, kabla jua la Mbagala halijawaangusha wazee. Vijana na maveterani wasikutanishwe nusu fainali. Ndiko goti la mzee wa miaka hamsini linakoharibika. Watu 16 kila timu ni 64, kwa lita moja na nusu kila mmoja mnahitaji maji ya lita 96, yaani madumu matano ya lita 20. Barua ya serikali ya mtaa iombwe wiki mbili kabla, na uwanja uthibitishwe kwa maandishi, maana viwanja vya wazi vya Jumapili huwa na wenyewe wengi.

Zawadi ya kwanza iwe mipira na si fedha. Fedha huleta wachezaji wa kukodi, na siku hiyo wanatakiwa waliomjua.